Tovuti Iko Hewani, Mteja Yuko Wapi?

Jamani, tovuti ya kikundi chetu cha ushonaji iko hewani. Ukiifungua unakutana na picha kubwa ya mahema, chini yake maneno ya Kiingereza yanayosimulia Machi 2021, halafu kitufe chekundu cha kuchangia. Magauni yapo, ila yamejificha ukurasa wa tatu na hayana bei. Namba ya simu nayo ipo, kwa maandishi madogo, na ni ya ofisi iliyoko Pemba.

Sasa tunaambiwa hatua inayofuata ni kuitangaza. Mpango tulioletewa unasema tuweke posti Facebook kila siku, tulipie matangazo, tufungue TikTok, na ndani ya miezi mitatu tuwe na wafuasi 1,000. Tumekaa chini ya mwembe kama kawaida yetu, tumeusoma, tumebishana. Tunaona mpango huo umeshikwa kwa mkia. Wafuasi wametajwa mara nyingi kweli kweli. Mteja hakutajwa hata mara moja.

Tuanzie hapo basi. Tovuti ilivyo leo inaongea na mfadhili. Mfadhili anataka kujua yaliyotupata, tuko wangapi, wanawake wangapi, mashine ngapi zimegawiwa. Ni haki yake, hela ni zake. Lakini mama wa mtaa wa pili anayetafuta sare ya mtoto hana haja na hayo. Anauliza sare ni meticali ngapi. Inachukua siku ngapi? Nalipa kwa M-Pesa au e-Mola? Ikimbana mtoto nairudisha kwa nani? Tovuti isiyojibu maswali hayo, ukiitangaza kwa watu elfu kumi, umewasumbua watu elfu kumi.

Kuna ndugu watasema hadithi yetu ndiyo inayouza. Inauza, ndiyo, mara moja. Mtu wa mbali akiisoma ataguswa, atanunua mkoba wa kapulana, atautundika ukutani. Mwezi ujao hatarudi, kwa sababu toka mwanzo hakuwa anatafuta mkoba. Sisi tunahitaji mtu wa kurudi. Halafu kuna suala la heshima. Baadhi ya mafundi wetu wamekimbia mara mbili, kwanza Mocímboa da Praia, kisha hapa hapa Palma tarehe 24 Machi 2021, wakalala porini na watoto mpaka wakafika Quitunda. Yaliyowapata wanayajua, hawana haja ya kuyasoma kila wanapofungua ukurasa wa kazi yao wenyewe. Dada mmoja alisema kikaoni: nikiwa kwenye mashine mimi ni fundi, niandikeni fundi. Tukapiga makofi, lakini ukurasa haujabadilika bado.

Basi mteja ni nani? Wa kwanza yuko karibu kuliko tunavyofundishwa. Mafunzo yote ya mtandao tuliyopata yanatupeleka mbali, Maputo, Ulaya, "soko la dunia". Maputo iko zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara kutoka hapa. Barabara yenyewe tunaijua: mvua ikinyesha magari yanazama, na ukishapita Mocímboa kuelekea kusini kuna nyakati magari yanasubiri kusindikizwa na askari. Ukimwahidi mtu wa Maputo gauni kwa siku tano umemdanganya, na mtu aliyedanganywa mtandaoni hakai kimya. Hapa karibu kuna wenyeji wa mji, kuna sisi tuliohamia, kuna walimu, wauguzi, wavuvi, wauza samaki, madereva wa chapa. Wote wanavaa nguo.

Wanaodhani kambi haina wateja wakumbuke Kakuma, kule Kenya. Mwaka 2018 IFC, shirika la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lilitoa utafiti uliohesabu biashara zaidi ya 2,000 pale kambini, na kukadiria soko la eneo zima la Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Hao ndio watu ambao kila ripoti inawaita wanaosubiri msaada, kumbe wananunua na kuuziana kila siku. Palma ni padogo kuliko Kakuma, hilo tunalijua. Lakini fedha inayozunguka hapa ipo, na nyingi inazunguka bila kupita kwetu.

Mteja wa pili ndiye tunayetaka kumzungumza kwa kirefu, kwa sababu kwa huyu tovuti ina kazi ya kweli. Mradi wa gesi wa Afungi ulisimama Aprili 2021 baada ya lile shambulio, na mwishoni mwa 2025 TotalEnergies na wenzake wakatangaza kwamba wanaurudisha. Vijana wengi wamekimbilia kupeleka CV, na wafanye hivyo. Ila tunaowaza biashara tuangalie jambo moja: wengi wa wanaofanya kazi kule wanaingia kwa ndege au kwa bahari, wanakaa ndani ya uzio, na hawapiti sokoni. Gauni lililotundikwa mlangoni kwetu hawalioni. Simu wanazo. Pia kuna makandarasi wao wanaohitaji ovaroli na mapazia, na kuna mashirika ya misaada yanayohitaji fulana, mikoba ya semina na vyandarua vya kurekebishwa.

Hawa hawanunui kama mama anavyonunua. Ofisa manunuzi anakusanya bei kutoka kwa wauzaji kadhaa, mara nyingi watatu, anazilinganisha, anampelekea bosi wake asaini. Anahitaji cotação yenye jina la biashara, NUIT, bei ya kila kitu, na siku za kumaliza kazi. Baadaye anahitaji factura. Asipopata karatasi hizo, hata akitupenda kama wadogo zake, fulana 200 zitashonwa Nampula. Tumeshaliona. Fulana za kampeni ya usafi, iliyofanyika hapa hapa, zilikuja na lori. Nyingine zilikuwa kubwa mno, wakatuletea sisi tuzipunguze.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza kuutengeneza, kwa maoni yetu, ni ukurasa mmoja wa Kireno kwa ajili ya ofisi. Tunachoshona, vipande vingapi tunaweza kumaliza kwa wiki (ukweli, siyo ndoto), bei kuanzia ngapi, NUIT, simu inayopokelewa, na picha tano za kazi zilizokwisha kufikishwa kwa mwenyewe. Basi. Linki yake ndiyo tuitume kwa barua pepe kwa kila ofisi iliyo wilayani, moja moja, kwa jina la anayehusika na manunuzi. Barua thelathini zilizofika kwa watu wenye bajeti tunazihesabu kuwa kazi kubwa kuliko posti 90 za Facebook.

Hapa tutagongana na ukuta ambao wenzetu wa mashirika wanaujua. Wengi wetu BI zetu ziliungua au zilipotea tukikimbia, na bila kitambulisho kupata NUIT ni kuzungushwa toka dirisha hili mpaka lile. Ndugu zetu mnaotaka kutusaidia kutangaza, tusaidieni hapo kwanza. Mtu mmoja anayejua njia za ofisi za serikali, akikaa nasi wiki mbili, atatuletea wateja kuliko mkufunzi wa TikTok. Tunasema kwa heshima. Mkufunzi mwenyewe alikuwa mtu mzuri na tulicheka naye sana.

Turudi kwa mama wa sare. Wazee wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wabongo nao wanasema biashara matangazo. Hapa Palma kizuri hakiwezi kujiuza kwa mtu ambaye hana megas za kukifungua, na tangazo halimfikii mtu anayewasha data asubuhi na jioni tu. Ile picha ya mahema inachukua karibu dakika nzima kufunguka kwenye simu za kawaida. Mteja hangoji. Picha zote zipunguzwe uzito, na pale juu kabisa pawe na kitufe kinachompeleka moja kwa moja kwenye WhatsApp ya fundi anayejibu.

WhatsApp ndiyo duka lenyewe, tukubali. Ile programu ya WhatsApp Business iko tangu 2018 na haina malipo. Unapanga picha za bidhaa na bei zake, unaweka saa za kazi, unaandika jibu la salamu linalojituma lenyewe. Tovuti inakuwa kibao cha nje, mtu anakiona akitafuta kwenye Google, anapata uhakika kwamba tupo, kisha anaingia kuongea. Na kuongea kwenyewe kuwe kwa sauti. Mama zetu wengi Kireno cha kuandika kinawapita, lakini ujumbe wa sauti wa Kimwani au Kiswahili, sekunde thelathini, "mama, sare za darasa la kwanza zipo, bei ni hii, njoo upime Jumamosi", huo unasikilizwa na kupelekwa kwa jirani. Unatembea wenyewe kwenye magrupu ya msikiti, ya kikoba, ya wazazi wa shule. Hakuna tangazo la kulipia linaloweza kuingia huko.

Wanaopenda tovuti kubwa kubwa tunawakumbusha Jumia. Aprili 2019 waliingia soko la hisa la New York. Novemba mwaka huo huo wakafunga biashara yao Tanzania. Wauzaji wadogo wa Kariakoo, wenye ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp tu, wapo mpaka leo. Wanatuma mizigo mikoani kwa mabasi. Mteja anapigiwa simu, anatumiwa picha ya mzigo umefungwa na namba ya basi, anausubiri stendi. Hatusemi tunajua kampuni kubwa ilivyopiga hesabu zake. Tunachosema ni kwamba mtindo wa Kariakoo unaweza kuigwa na fundi wa Palma kesho asubuhi, na chapa ya Mocímboa ikafanya kazi ya basi.

Matangazo ya kulipia hatuyakatai. Yana wakati wake. Kuna kikundi tunakifahamu kililipiwa tangazo la Kireno bila kuchaguliwa eneo. Laiki zilikuja, na nyingi zilitoka Brazil! Hakuna Mbrazili aliyekuja kupimwa kiuno. Ukilipia, chagua Palma na Mocímboa tu, siku chache, kwa bidhaa moja yenye bei, na katika msimu wake. Ambapo hapo mpango tulioletewa ulikuwa mtupu kabisa: haukuwa na kalenda.

Kalenda ya fundi wa Msumbiji inaanza Januari, wazazi wanapotafuta sare kabla shule hazijafunguliwa. Halafu inakuja tarehe 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, siku aliyofariki Josina Machel mwaka 1971. Nani hajui kinachotokea siku hiyo? Kila kikundi cha wanawake, kila ofisi, kila shule, wanataka kapulana ya aina moja, mshono mmoja. Ni siku kubwa kuliko zote kwa mashine ya kushonea. Lakini oda zake hazichukuliwi tarehe 1 Aprili. Zinachukuliwa kuanzia katikati ya Februari, wakati wanawake wanakubaliana rangi. Fundi anayetuma picha za mishono mitano kwa viongozi wa vikundi wiki hiyo ya Februari atakuwa na kazi Machi nzima. Anayetuma wiki ya mwisho atatazama wenzake wakipita wamependeza. Idd inahama kila mwaka, kwa hiyo iandikwe upya kwenye kalenda, na kuna miaka inabanana na Aprili, mikono inakuwa haitoshi. Mwaka wa namna hiyo tupunguze kutangaza. Ndiyo, kupunguza. Kupokea oda usizoweza kuzimaliza ni njia ya haraka ya kujiharibia jina, na jina hapa linaharibika mtaani kabla halijaharibika mtandaoni.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa mipango walioko mijini hawaliwazi: mtandao unakatika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa saa kama sita. Hiyo ilikuwa ajali tu. Baada ya uchaguzi wa 9 Oktoba 2024, hapa nchini intaneti ya simu ilikatwa mara kadhaa na mitandao ya kijamii ikafungwa. Anayeuza kupitia Facebook peke yake siku hizo alikuwa hana duka. Kwa sababu hiyo tunataka daftari. Daftari la karatasi, kubwa, lenye jina la mteja, namba ya simu, vipimo vyake, na safu moja ya swali: ulitupataje? Jirani, stetasi, Google, ofisi, au ulipita tu. Mtandao ukizima tunapiga simu au tunatuma SMS ya kawaida. Na baada ya miezi mitatu ile safu ya mwisho itatuambia hela ya matangazo iende wapi, bila kuhitaji ripoti yenye michoro ya rangi. Daftari lifungiwe, lakini. Namba za watu ni amana.

Hili la amana tulitilie mkazo, kwa sababu mipango ya kutangaza inasema "onyesha watu, onyesha maisha halisi". Sisi tunaishi Cabo Delgado. Waliotukimbiza nao wana simu. Kwenye tovuti na kwenye posti zetu hatutaki sura za watoto, hatutaki sura ya fundi ambaye hakukubali mwenyewe kwa mdomo wake, hatutaki ramani inayoonyesha wanawake wanalala wapi. Ukijiandikisha kwenye ramani ya Google, na ni vizuri kujiandikisha maana ni bure, weka alama pale pa kuuzia sokoni, siyo nyumbani. Usitangaze gari la mzigo linaondoka lini wala usiandike "leo tumeuza sana". Mikono inayoshona inapendeza kwenye picha, na kitambaa kinapendeza zaidi. Aliyezoea kupiga picha za kuonea huruma atasema hazina hisia. Mnunuzi ataona mshono ulivyonyooka.

Na sasa yale ya ndani, ambayo tumesitasita kuyaandika, ila ukurasa huu ni wetu na bora yasemwe. Jina la tovuti linalipiwa kila mwaka. Mwaka wa kwanza mradi umelipa. Wa pili nani? Tumeuliza, tumeambiwa "tutaangalia". Jina lenyewe limeandikishwa kwa barua pepe ya mtu ambaye mkataba wake unaisha, na nywila zote anazo yeye. Akihama, tovuti inabaki kama nyumba iliyofungwa na ufunguo uko Nampula. Tutakuwa tumewapa watu anwani, tumeiandika kwenye mifuko na kwenye ubao wa sokoni, halafu siku moja wanaifungua haipo. Vikundi vinavyoanza sasa, msisubiri sherehe ya ufunguzi na kukata utepe. Siku ile ile tovuti inapotengenezwa, fungueni barua pepe ya kikundi, watu wawili wajue nywila, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja ikiwezekana, na gharama ya mwaka wa pili itolewe kidogo kidogo kwenye kila sare inayouzwa. Meticali tano kwa sare hazimuumizi mtu.

Kwa wenzetu wa mashirika tunaomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja chenye bango: mtusaidie kwenye BI na NUIT, mtukabidhi nywila, na mkiwa na oda ndogo ya kushona mtuombe cotação kabla lori halijapakia Nampula. Tukishindwa kwa bei au kwa ubora, tuambieni tumeshindwa kwa lipi.

Ukurasa wa Kireno tumeshauandika kwa mkono, mwalimu mmoja ameusahihisha. Picha tano tunazo, ya sita inangoja mwenye gauni akubali. Kitufe cha kuchangia kitaenda chini kabisa na mahema yatatoka. Kilichobaki ni kuingia ndani ya tovuti na kubadilisha, na ujumbe wa kuomba nywila tumeutuma mara mbili. Jumatatu tutautuma tena.